Bamba Lililobaki Baada ya Upanga

Leo nataka tuzungumze kuhusu kipande cha chuma ambacho watu wengi wakikiona ndani ya kabati la makumbusho hukipita haraka, macho yao yakikimbilia upanga uliolazwa jirani yake. Lakini kabla ya chuma chenyewe, tuanze na amri ya serikali.

Tarehe 28 Machi 1876, serikali ya Mfalme Mkuu Meiji wa Japani ilitangaza kwamba ni marufuku kutembea na upanga kiunoni. Walioachiwa ni maofisa wa jeshi, polisi, na wakubwa waliovaa mavazi rasmi ya sherehe za dola. Wengine wote, hapana. Samurai ambaye ukoo wake kwa vizazi na vizazi haukutoka mlangoni bila panga mbili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, akaambiwa aziache nyumbani. Na mwaka huohuo posho yake ya mpunga, ambayo ndiyo ilikuwa riziki yake, ikabadilishwa kwa lazima kuwa hati za deni la serikali. Upanga havai, posho hapati, na jina la ukoo bado anapaswa kulilinda. Wengi wakauza walichokuwa nacho.

Na si lazima mtu auze upanga mzima. Upanga wa Kijapani haujapigwa ribiti wala kulehemiwa. Mpini wake umeshikiliwa na kijiti kimoja cha mwanzi kilichopenyezwa kutoka ubavu huu hadi ule. Gonga kijiti kile kitoke, vuta mpini, na kila kitu kinaachana: mpini uliovikwa ngozi ya samaki aina ya taa na kuzungushiwa utepe wa hariri, vipambo vidogo vilivyofichwa chini ya utepe, mabamba membamba ya shaba ya kukazia, na katikati ya hayo yote bamba moja pana lenye tundu. Bamba hilo huitwa tsuba. Wauzaji wa Tokyo, Osaka na Yokohama walizipata kwa makapu, na meli zikazipeleka Ulaya na Marekani. Hiyo ndiyo sababu leo unaweza kukuta tsuba Hamburg, Boston au Oxford, ilhali upanga wake haujulikani ulipo.

Sasa, redio haina picha, kwa hiyo nyoosha kiganja chako. Tsuba ya upanga mrefu ina upana wa sentimita 7 na nusu hadi 8 hivi. Inaweza kukaa juu ya kiganja na vidole vikabaki nje. Unene wake ni milimita 4 au 5. Nyingi ni za mviringo, nyingine ni za pembe nne zilizolainishwa, nyingine zina mikunjo minne kama ua lenye petali nne. Katikati kuna tundu lenye umbo la kabari, ambamo hupita ule mkia wa upanga unaoingia ndani ya mpini. Pembeni mwake mara nyingi kuna matundu mengine mawili, au moja tu: humo hupita kisu kidogo na kijiti cha kutengenezea nywele, ambavyo samurai alivichomeka ubavuni mwa ala. Maana yake, fundi anayetaka kuchora mandhari juu ya bamba hili hana ukurasa mtupu mbele yake. Amepewa ukurasa uliotobolewa katikati, na eneo linalozunguka tundu la kati lazima libaki tambarare, kwa sababu pale ndipo panapokaziwa. Picha yote itachorwa pembeni.

Kazi ya tsuba ni nini? Wengi hudhani ni ngao ndogo ya kupokea pigo la adui. Inasaidia, ndiyo, ila kazi yake ya kwanza ni kuzuia mkono wako mwenyewe usiteleze ukaenda kwenye makali pale unapochoma. Pia uzito wake unasawazisha upanga mkononi. Na upanga ukiwa umelala kwenye ala, kidole gumba cha mkono wa kushoto hukaa juu ya tsuba. Kikiisukuma mbele kidogo tu, upanga umeshafunguka na uko tayari kuchomolewa. Mtu aliyesimama mbele ya samurai hakuhitaji kuona makali. Alitazama kidole gumba.

Tsuba nyingi kongwe zilizobaki ni za chuma kitupu. Wataalamu huzigawa mafungu mawili kwa kukisia, wakisema hizi ni kazi za wafua panga na zile ni kazi za mafundi wa deraya, lakini hazina saini, na mabishano hayaishi. Mapambo yake ni haba mno: tundu dogo lenye umbo la ua, au la kereng'ende, mdudu ambaye mashujaa walimpenda kwa sababu walisema anaruka mbele tu, harudi nyuma. Baadaye, karne ya 15 na ya 16, Japani ikiraruana kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, matundu yakakua. Fundi alichukua msumeno mwembamba na tupa akakata kila kisichohitajika, kikabaki kile tu anachotaka ukione: mabawa ya bata bukini, usukani wa mashua, majani ya majira ya kupukutika, yote yameshikana na ukingo wa duara. Za Kyoto ni nyembamba na zenye mistari myepesi. Za Owari, yaani eneo la Nagoya ya leo, ni nzito, pande zake mbili zinalingana, na hazina tabasamu.

Chukua hiyo ya Owari uizungushe, ukingo ukielekea dirishani. Utaona vinundu vidogo vimetokeza hapa na pale, vinang'aa kidogo kuliko chuma kinachovizunguka. Asiyejua atadhani ni kutu iliyoganda, au fundi alikuwa mvivu wa tupa. La. Chuma kilichofuliwa kwa kukunjwa na kupigwa tena na tena hakichanganyiki sawasawa. Kina sehemu ngumu na sehemu laini. Sehemu laini hulika, zile ngumu hubaki zimesimama. Wajapani huviita vinundu hivyo mifupa ya chuma, na mkusanyaji mzoefu huvitafuta kwa kidole kabla ya jicho. Kisha hutazama rangi. Chuma kizuri cha kale si cheusi tii. Ni cheusi chenye kahawia ndani yake, na mwanga ukikipiga kutoka upande, zambarau kidogo. Rangi hiyo ni kutu, lakini kutu iliyofugwa: fundi aliianzisha kwa makusudi, kisha mikono na vitambaa vya karne kadhaa vikaisugua hadi ikatulia na kuwa ngozi.

Hapa ndipo ninaposimama mimi katika jambo hili lote. Anayeanza kutazama tsuba huvutwa na picha: joka, simba wa Kichina, Mlima Fuji wenye theluji ya fedha. Akikaa nazo muda mrefu, jicho linahama taratibu kutoka kwenye picha hadi kwenye chuma chenyewe, na siku moja anajikuta amesimama mbele ya bamba lisilo na picha yoyote na hataki kuondoka. Sisemi picha ni upuuzi. Nasema picha unaweza kuiona kitabuni, lakini chuma lazima ukikute pale kilipo.

Kuna mtu mmoja aliyelielewa hili mapema, naye alikuwa mtawala. Hosokawa Tadaoki, aliyezaliwa mwaka 1563 na kufariki 1646, alipigana vita vingi, lakini pia alikuwa mwanafunzi wa Sen no Rikyu, bingwa wa sherehe ya chai. Rikyu alipoondolewa Kyoto kwa amri ya Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wakati huo, mwaka 1591, kabla ya kulazimishwa kujiua, Tadaoki ni mmoja wa wanafunzi wawili waliothubutu kwenda kumuaga. Huyu ndiye aliyeweka ladha ya mkoa wa Higo, ambao leo ni Kumamoto, kusini mwa Japani, baada ya ukoo wake kuhamia huko mwaka 1632. Mafundi wa Higo walifanya kazi kwa macho ya watu waliozoea kikombe cha udongo kisicholingana kingo, chumba kidogo, na ua moja ndani ya chombo.

Hodari wao ni Hayashi Matashichi, mtoto wa ukoo wa mafundi wa bunduki, aliyefariki mwaka 1699. Chuma chake ni laini kiasi kwamba waandishi wote hukosa neno la kukisifia, nami sitajaribu. Kazi yake moja iliyo katika hazina ya ukoo wa Hosokawa inaonyesha maua ya mcheri na feni ya kukunja iliyochanika. Feni nzuri angeweza kuichora mtu yeyote. Yeye amechora iliyoharibika, karatasi imetoka, mbavu zimebaki wazi, yote kwa uzi wa dhahabu juu ya weusi. Na namna dhahabu ilivyoshikamana ni jambo la kujua, msikilizaji, maana mafundi wa njumu wa kwetu pwani watalielewa mara moja. Uso wa chuma huchanjwa kwa tindo mistari midogo sana, kwanza kwa mwelekeo mmoja, kisha mwingine, hadi uwe kama kitambaa kilichofumwa. Halafu karatasi nyembamba ya dhahabu hulazwa juu na kugongwa. Ile mikwaruzo huiuma dhahabu isitoke. Hakuna gundi wala moto. Ikichakaa baada ya miaka 300, mikwaruzo huanza kuonekana chini ya dhahabu, na wapo wanaopenda tsuba zaidi ikiwa imefikia hali hiyo.

Huko huko Kumamoto ndiko Miyamoto Musashi, yule mpiganaji maarufu kuliko wote, alikomalizia maisha yake mwaka 1645. Kuna muundo wa tsuba unaohusishwa naye: matundu mawili marefu yenye ncha za mviringo, moja huku na moja kule, basi. Wajapani wanauita kwa jina la jongoo bahari. Kwamba mtu aliyedaiwa kushinda mapambano zaidi ya 60 aliridhika na jongoo bahari wawili, hilo nakuachia wewe.

Nimesema Tadaoki alipigana. Wajukuu zake karibu hawakupigana kabisa. Kuanzia utawala wa ukoo wa Tokugawa mwaka 1603 hadi ulipoanguka 1868, Japani ilikaa katika amani ya zaidi ya karne mbili na nusu, ikiwa na vurugu za hapa na pale. Upanga ukawa sehemu ya vazi. Na kitu kikishakuwa vazi, sonara hayuko mbali.

Kwa kweli masonara walikuwapo zamani. Ukoo wa Goto ulianza na Yujo, aliyezaliwa mwaka 1440 na kufariki 1512, aliyewatumikia watawala wa ukoo wa Ashikaga huko Kyoto, na ukaendelea kwa vizazi 17. Hawa walitengeneza zaidi vipambo vidogo vya mpini na vya kisu cha ubavuni, na malighafi yao kuu ni mchanganyiko uitwao shakudo: shaba nyekundu iliyotiwa dhahabu kidogo, asilimia 3 hadi 5 hivi. Ukiitazama ikitoka kwenye nyundo utasema umedhulumiwa, maana ni shaba tu. Dhahabu yako imekwenda wapi? Subiri. Fundi anaisafisha kwa majivu hadi isiwe na chembe ya mafuta, anaipaka figili iliyosagwa, kisha anaizamisha katika maji yanayochemka yenye mrututu na kutu ya shaba. Anaigeuza, anaitazama, anairudisha tena kwenye figili, anaizamisha tena. Polepole shaba inakuwa nyeusi, weusi wa unyoya wa kunguru wenye buluu ndani yake. Bila ile dhahabu, shaba ingetoka kwenye maji yaleyale ikiwa na rangi ya kahawia tu. Wakiweka fedha robo badala ya dhahabu, wanapata kijivu cha moshi, na huo huitwa shibuichi. Hivyo fundi mmoja anaweza kupata nyeusi, kijivu, nyekundu, manjano na nyeupe juu ya bamba moja bila tone la rangi ya kupaka. Kwenye uso mweusi wa shakudo mara nyingi hupiga vinundu vidogo visivyofika hata milimita moja, kwa chombo chenye ncha ya kikombe, kimoja baada ya kingine, safu kwa safu, mamia kwa maelfu. Wanaviita mayai ya samaki. Kosea kimoja katikati ya safu na kila jicho litakwenda pale pale.

Tatizo la Goto ni kwamba walifanikiwa mno. Kazi zao zikawa vazi rasmi la wakubwa: majoka, simba, yale yale, kwa ustadi ule ule. Aliyelivunja hilo ni Yokoya Somin, aliyeishi kati ya mwaka 1670 na 1733. Ukoo wake ulikuwa ukipokea posho ya serikali kwa kufuata mtindo wa Goto. Somin akaiacha posho, akafanya kazi kwa ajili ya watu wa mji wa Edo, ambao leo tunauita Tokyo. Alikuwa na urafiki na mchoraji Hanabusa Itcho, na alitaka tindo lake litembee kama brashi ya yule rafiki yake. Akalishika kwa kuliinamisha, upande mmoja wa mfereji ukawa wima na mwingine mteremko, na mstari ukawa unanenepa na kukonda kwa kadiri ya mkono unavyokandamiza. Jaribu kuchora wino juu ya chuma na utajua alichofanya. Mstari wa brashi hauna kufuta. Na wake haukuwa na kufuta.

Wa rika lake, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1670, ni Tsuchiya Yasuchika, kijana wa mkoani kaskazini aliyehamia Edo kutafuta maisha. Huyu alifanya kazi kwa chuma, kwa shaba ya manjano, kwa shakudo, kwa chochote kilichomfaa, na hakupenda kujirudia. Wapo wakusanyaji wakali watakaokuambia kwamba baada ya chuma cha vita kila kitu ni mapambo ya wanawake, na kwamba wafanyabiashara wa Edo waliharibu sanaa kwa fedha zao. Wafanyabiashara waliruhusiwa upanga mfupi, nao walitaka uonekane. Mimi nakubaliana na wakusanyaji hao nusu. Ziko tsuba za karne ya 19 zilizojazwa dhahabu hadi hakuna mahali pa kupumzisha jicho; mafundi walikuwa hodari kupita kiasi na hakuna aliyewaambia inatosha. Lakini ukiwatupa Somin na Yasuchika kwa sababu hawakuishi wakati wa vita, unapima sanaa kwa damu iliyomwagika jirani yake.

Kuna kundi jingine nalipenda kwa sababu zangu. Meli za Wareno na baadaye za Waholanzi zilifika Japani zikiwa na panga za kigeni na bidhaa za China na India, na mafundi wakaanza kuiga: majoka mawili yakigombania lulu ndani ya mizabibu iliyosokotana kama waya, mara nyingine na watu wenye kofia pana na pua ndefu. Meli hizo za Wareno zilipita Msumbiji. Mmoja wa waliofika nazo, inasemekana kutoka Msumbiji, ni Mwafrika aliyejulikana Japani kama Yasuke, aliyeingia katika utumishi wa Oda Nobunaga, bwana aliyetoka Owari, mwaka 1581. Moja ya nakala za historia ya Nobunaga inasema alipewa nyumba, posho na upanga mfupi. Najua unakotaka kunipeleka, msikilizaji. Lakini upanga mfupi wa aina inayotajwa pale kwa kawaida haukuwa na tsuba, kwa hiyo muuzaji akikuambia anayo tsuba ya Yasuke, mpe mkono wa kwaheri.

Na tukiwa kwenye wauzaji: usidhani kukusanya tsuba kulibuniwa na Wazungu. Mwaka 1781, karibu karne nzima kabla ya ile amri, mfanyabiashara wa Osaka aitwaye Inaba Tsuryu alichapisha kitabu kuhusu vipambo vya panga na mafundi wake. Vitabu kama hicho huchapwa pale ambapo wanunuzi tayari wapo na wanabishana. Wazungu walifika wakakuta karamu imekwisha, wakabeba sahani. Lakini wapo waliobeba kwa akili. Daktari William Sturgis Bigelow wa Boston aliishi Japani miaka ya 1880 na mzigo wake mkubwa ukaishia katika makumbusho ya sanaa ya mji wake. Huko Hamburg, mkurugenzi Justus Brinckmann alifanya jambo ambalo wenzake wengi hawakulifikiria: alimwajiri Mjapani, Hara Shinkichi, azisome saini na kuzipanga, na mwaka 1902 Hara akatoa kitabu cha majina ya mafundi. Oxford wana mkusanyiko wa Arthur Church, ambaye kwa taaluma alikuwa mkemia. Sishangai. Mtu wa kemia akiambiwa kuna shaba inayokuwa nyeusi kwa figili, hatalala.

Na mafundi wenyewe baada ya 1876? Wengine walihamia kutengeneza vyombo vya maua na masanduku ya kuuzwa nje. Wengine waliacha. Aliyebahatika ni Kano Natsuo, aliyezaliwa Kyoto mwaka 1828. Serikali mpya ilipotaka sarafu za kisasa, kazi ya kuchonga mihuri yake alipewa yeye, na joka lake likaingia katika mifuko ya watu ambao kamwe hawangeweza kununua tsuba yake. Mwaka 1890 akateuliwa kuwa profesa katika shule ya sanaa ya Tokyo, akafundisha hadi karibu na kifo chake mwaka 1898.

Leo, mtu anayetaka kuanza anakutana na mambo mawili yanayotisha: saini na cheti. Saini haisemi ukweli wenyewe. Nobuie, bwana mkubwa wa chuma wa karne ya 16, ameigwa na vizazi vya watu waliompenda na vizazi vya watu waliopenda fedha, na Kaneie wa Fushimi, aliyekuwa wa kwanza kuchora mandhari ya milima na mashua juu ya chuma, vivyo hivyo. Kuna tsuba nzuri zenye saini ya uongo na tsuba mbovu zenye saini ya kweli. Cheti kinasaidia zaidi. Chama cha kuhifadhi panga za sanaa za Kijapani, kilichoanzishwa mwaka 1948, kina jopo la kukagua, na hutoa hati za ngazi mbalimbali, kutoka kinachostahili kuhifadhiwa hadi kilicho muhimu sana. Makumbusho yao yako Ryogoku, Tokyo, tangu mwaka 2018. Lakini wapo watu siku hizi wanaonunua karatasi, halafu tsuba inakuja ndani ya bahasha kama nyongeza. Ukiwauliza chuma chake kikoje, wanakusomea cheti.

La kuogopa kuliko saini ni kitu kilichomiminwa. Tsuba halisi ya chuma ilifuliwa. Bandia nyingi zimeyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu. Usitazame uso, maana uso ndio walioutengeneza kwa ajili yako. Tazama ndani ya matundu, kwenye kuta za yale maumbo yaliyokatwa. Palipopita msumeno na tupa patakuwa na kingo zilizonyooka. Palipomiminwa patakuwa na vishimo vya hewa, pembe zilizolegea, na mara nyingine mstari wa mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kisha tazama tundu la katikati. Tsuba iliyowahi kuvaa upanga ina alama pale: mapigo ya tindo ya kulibana tundu, au vipande vya shaba laini vilivyopachikwa juu na chini ili mkia wa upanga usikwaruzwe. Tundu safi kabisa lina maswali ya kujibu. Wapo pia wanaoining'iniza tsuba kwenye uzi na kuigonga kwa ukucha wasikie mlio. Chuma kilichofuliwa hulia, kilichomiminwa hunung'unika. Usiweke fedha zako zote kwenye mlio, lakini ni raha kuusikia.

Halafu kuna suala la kusafisha, ambalo limeharibu tsuba nyingi. Kwetu sisi kitu kizuri ni kile kinachong'aa. Shaba ya mlangoni husuguliwa kila Ijumaa. Ukiichukua tsuba ya shakudo ukaisugua kwa dawa ya shaba, umeondoa figili, mrututu na miezi ya kazi ya fundi kwa dakika moja, na chini yake utakuta shaba ya kawaida. Ya chuma ukiisugua kwa msasa, umechuna ngozi ya miaka 400. Kutu nyekundu, ile changa inayokula, huondolewa kwa kipande cha mfupa au pembe ya kulungu kilichochongwa ncha, bila maji, kidogo kidogo, mwezi huu na mwezi ujao. Mfupa ni laini kuliko chuma, hauachi mkwaruzo. Baada ya hapo ni kitambaa cha pamba na mkono mkavu. Mafuta hayahitajiki. Na ishike ukingoni, maana jasho la kidole huacha alama juu ya shakudo ambayo haitoki.

Bei? Zipo za bei ya baiskeli na zipo za bei ya nyumba, na uzuri wake haufuatani na bei kama unavyodhani. Kwa kuwa tsuba si silaha, haihitaji usajili ambao upanga unahitaji hata huko Japani, wala haitakusumbua uwanja wa ndege kama upanga ungekusumbua. Ushauri wangu kwa mwenye fedha kidogo ni huu: achana na majoka ya dhahabu, tafuta ya chuma, iliyokatwa matundu, isiyo na saini. Mafundi wa kale wa Kyoto na Owari kwa kawaida hawakusaini, kwa hiyo hapo hakuna jina la kughushi na hulipii jina. Ichukue uipeleke dirishani, uipitishie kidole ukingoni, uchungulie ndani ya matundu. Kisha muulize muuzaji swali moja tu, kama imewahi kupigwa brashi ya waya. Akianza kukueleza habari za masamurai, irudishe mezani.